Bango Lenye Madirisha Kumi na Mawili

Kosa wanalolifanya watu wengi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye yuko njiani, Ndugu Dereva wa Mwakilishi ambaye amefika peke yake na tunamshukuru kwa moyo huo, Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Makaimu Wakuu wa Idara, wale wote wanaotarajia kukaimu, Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti na Turubai, wazee wenzangu, wapangaji wa Jengo la Nne mliosimama kwenye mvua kwa sababu turubai limeishia kwa Makaimu, na ninyi watoto mliopanda ukutani ambao naomba mshuke mara moja. Kosa, nasema, wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba nyumba humuua mtu kwa kumwangukia. (Minong'ono.)

Si hivyo. Nyumba inayoanguka ina adabu zake: hupasuka, hulia, humwagia mtu vumbi la kumzindua, na mwenye akili hutoka. Nyumba ya kuogopwa ni ile iliyosimama wima, imepakwa rangi, imefungwa vizuri, na ndani yake mtu amelala.

Mimi ni Mkurugenzi wa Makazi Salama. Kabla ya hapo nilikuwa Mkurugenzi Msaidizi, na kabla ya hapo nilikuwa Msaidizi wa Mkurugenzi, na asiyejua tofauti ya vyeo hivyo viwili hajawahi kumbebea mtu mkoba. (Kicheko. Makaimu hawacheki.) Ni mtu mzima, sina haraka, na jambo nikilianza hulieleza mpaka lieleweke. Kwa hiyo tulieni.

Nyuma yangu mnaliona bango. Limeshuka kutoka ukingo wa paa mpaka chini, limefunika uso mzima wa jengo hili, na juu yake mchoraji wetu ameichora Nyumba Salama ya Mfano, ambayo ndiyo moyo wa mradi tunaouzindua leo. Tazameni kuta zile nyeupe. Tazameni madirisha kumi na mawili, yote yako wazi, na mapazia yanayopepea. Ndugu zangu, hata upepo umechorwa! (Makofi.)

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Mkurugenzi, hilo bango limeziba madirisha yetu!")

Asante, mama. Nimenong'onezwa hapa kwamba huyu ni fundi cherehani wa chumba namba tisa, na kweli namwona na utepe wake wa kupimia shingoni na mkasi kiunoni. Fundi anasema bango limeziba madirisha. Hebu tulichambue hilo kitaalamu, bila jazba. Madirisha yenu, mama, ni finyu, yana kutu, na mawili niliyaona yamezibwa kwa magunia. Haya ya kwenye bango ni mapana na yana vioo. Kwa mtazamo wa kimkakati, basi, hatukuziba dirisha lolote. Tumeyaboresha. (Makofi ya Makaimu.)

Niruhusuni pia niwapongeze kwa kuutii Waraka wa Maandalizi uliotoka juzi, ambao katika aya ya sita uliwaelekeza muondoe majiko yote ya mkaa hapa uani, ili Mgeni Rasmi asipate moshi. Jana jioni niliyahesabu mwenyewe yakawa thelathini na moja. Leo nimezunguka ua mzima nisione hata moja. Huo ndio utii!

(Sauti ya mzee mmoja: "Tumeyaingiza ndani, bosi! Tungeyapeleka wapi, mvua yote hii?")

Sahihi kabisa, mzee wangu. Kila kitu mahali pake.

Sasa nieleze tulikotoka, maana mradi mkubwa hauoti kama uyoga. Mradi wa Nyumba Salama umepitia upembuzi yakinifu, umepitia andiko dhana, umepitia warsha ya wadau, na warsha ya kutathmini warsha ya wadau. Katika awamu ya pailoti tulipima hewa ya vyumba mia nne na kumi na viwili. Rudieni nami: mia nne na kumi na viwili. (Watoto wanarudia.) Na matokeo, ndugu wananchi, yalikuwa ya kustaajabisha, kwa kuwa vyumba vyote, pasipo kutofautiana hata kidogo, vilikuwa na hewa safi, baridi kiasi, yenye harufu ya mbali ya kahawa.

(Fundi cherehani: "Mimi ni mpangaji hapa mwaka wa saba! Nani aliingia kwangu kupima?")

Swali zuri, na jibu lake linahitaji uvumilivu. Kipimo chetu cha hewa ni mali ya umma. Mali ya umma haitoki getini bila kibali, na kibali hutiwa saini na Kamati ya Vibali, na kamati hiyo bado haijapata wajumbe. Je, kazi isimame? Hapana! Mtaalamu wetu wa mazingira, yule binti mnayemwona pembeni amevaa buti, kila siku alileta orodha ya vyumba ofisini kwangu, mimi nikamwelekeza akiwashe kipimo palepale mezani, asome, aandike, aende chumba kinachofuata kwenye orodha. Alilalamika kidogo. Alisema, "Mkurugenzi, hii ni hewa ya ofisi yako." Nikamwambia, mwanangu, hewa ni moja, haina mipaka, na ofisi ya umma ni ya wananchi wote. Akanyamaza. Nilichukulia kuwa ameelewa. (Kicheko kirefu.)

Mnacheka, lakini leo kipimo hicho kimetoka! Kimekuja kwa maonyesho, kiko kwenye meza ile yenye kitambaa, kati ya jagi la maji na sinia la mkasi wa uzinduzi. Msikiguse.

(Mtaalamu wa mazingira anapanda jukwaani na kumpa Mkurugenzi kikaratasi.)

Naam. Nimeletewa kikaratasi. Asante, binti. Nakipokea, ila sitakisoma, na nieleze kwa nini, vijana wajifunze. Waraka wowote wa Serikali hupokelewa, hugongwa muhuri, hupewa namba ya jalada, ndipo husomwa. Waraka usio na namba ni uvumi uliokunjwa. Nakiweka mfukoni. Tuendelee.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Katika hatari zote za makazi, yaani unyevu na ukungu wa ukutani, rangi kuukuu zinazobanduka na kuliwa na watoto, dawa za panya zilizotiwa kwenye chupa za soda, hakuna yenye hila kama hewa ya mkaa. Na simaanishi moshi! Moshi ni mgeni mwenye kelele, unakuliza macho, unakutoa nje. Ninachokisema ni mkaa uliokolea, mwekundu, mzuri, usiotoa moshi hata chembe, ambao mtu huutazama akasema, "Sasa umetulia, nauingiza ndani tuote moto." Hapo ndipo palipo na mauti. Hewa yake haina harufu wala rangi, na hodi haipigi. Humwingia mtu kwenye damu ikakaa mahali pa hewa njema, kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba na kukataa kuinuka. Kwanza kichwa huuma.

(Fundi cherehani: "Kichwa! Mama mkwe analalamika kichwa tangu saa mbili!")

Mnaona? Mwananchi anathibitisha takwimu zetu, papo kwa papo. Baada ya kichwa huja kichefuchefu, na miguu hulegea.

("Mkurugenzi, mama mkwe wangu yuko ndani! Miguu haimbebi, na jiko liko karibu na kitanda chake! Nimeliingiza mimi kwa sababu ya waraka wako!")

Mpe salamu zangu, mama. Mwambie tunamthamini sana katika kundi lake la wazee. Nilikuwa nimefikia miguu. Baada ya miguu kulegea huja usingizi. Na usingizi ule, ndugu zangu, ni mtamu, hauna ndoto, na ndio wenye hatari kuliko vyote, kwa kuwa aliyelala haombi msaada.

("Nimemwita mara tatu kwenye ukuta! Hajibu!")

Bila shaka amelala. Mvua hii, nani hatalala?

(Mtu mmoja uani anasema taratibu: "Lakini si amesema sasa hivi...")

Naona mtaalamu wetu ameleta kikaratasi cha pili. Hakina namba. Mfukoni. Na cha tatu, kimeandikwa kwa herufi kubwa, jambo ambalo si la adabu katika mawasiliano ya kiofisi. Mfukoni vilevile. Binti, nakuheshimu kwa elimu yako, lakini usinikatize mbele ya watu nikiwa naeleza utafiti wako.

Nasikia watu wanauliza kwa nini wasiingie ndani wakamtazame huyo bibi. Hilo nalo lina maelezo. Mlango wa Jengo la Nne, ambao ni mmoja tu, una utepe mwekundu. Utepe ule utakatwa na Mgeni Rasmi, au Mwakilishi wake, na mpaka ukatwe, jengo hili kiitifaki bado halijafunguliwa. Haliwezi kuingiwa. Mtu akiingia sasa hivi atakuwa ameingia katika jengo ambalo, kwa mujibu wa ratiba, halipo. Askari wa mlangoni, umenielewa? (Askari: "Ndiyo, mzee." Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini mzee, bibi mwenyewe namfahamu, hunipa chai.") Chai si kibali, askari. Mwakilishi yuko njiani. Dereva wake atatuambia amefika wapi.

(Dereva: "Mimi nilimwacha nyumbani, anatafuta kofia.")

Mmesikia. Anatafuta kofia. Basi tuutumie muda huo kwa faida. Wahenga wetu, ambao hawakuwa na kipimo wala Kurugenzi, walituachia neno moja zito kuhusu makazi. Walisema: nyumba njema si mlango...

(Umati mzima, kwa sauti moja: "Fungua uingie ndani!")

Safi sana! Tena! Nyumba njema si mlango...

("Fungua uingie ndani!" Watu wanaanza kusogea. Fundi cherehani anapita katikati ya Makaimu, anauchomoa mkasi kiunoni.)

Ni methali tu, ndugu zangu. Ilikuwa methali. Fundi! Fundi, mkasi wa itifaki uko kwenye sinia, huo wako ni wa vitambaa! Askari, mzuie! (Askari anashika ncha moja ya utepe na kuunyosha vizuri, ukatike kwa urahisi. Fundi anaukata. Vigelegele.) Askari, tutaonana ofisini. Na wewe binti, rudisha kipimo mezani! Kibali chako kiko wapi? (Mtaalamu wa mazingira ameshaingia nyuma ya fundi, kipimo mkononi.)

Tulieni. Tulieni, nasema, mketi wenye viti. Mambo haya hutokea katika kila uzinduzi mkubwa. Utepe umekatwa, na kumbukumbu za mkutano zitaonyesha ulikatwa kwa niaba. Niendelee na viashiria vya utendaji. Katika robo ya kwanza ya mradi tunatarajia kupunguza hatari za makazi kwa asilimia sitini na tatu nukta nne, na katika robo ya pili kwa asilimia sitini nyingine, hivyo kwamba...

(Mlio mkali, wa kukatakata, kutoka ndani ya jengo.)

Zimeni simu. Nimeomba tangu mwanzo simu zizimwe. Ni utovu wa nidhamu mtu kuacha simu ikilia namna hiyo katikati ya takwimu.

(Mlio unazidi. Sauti ya mtoto ukutani: "Si simu, babu! Ni kile kidude!")

Kidude gani? Kipimo? Haiwezekani. Nimekaa nacho mezani mwaka na nusu na hakijawahi kutoa sauti hata siku moja. Nilidhani ni kipole.

(Mlio hauishi. Uani hakuna anayecheka tena. Mzee wa majiko amevua kofia. Mkurugenzi anatoa vikaratasi mfukoni, anavitazama, anavirudisha.)

Ndugu zangu, mimi... Ratiba inasema sasa ni burudani.

(Kutoka ndani ya jengo, kishindo cha dirisha lililogoma linalosukumwa. Katikati ya bango, kwenye dirisha la kuchora la tatu kutoka kushoto, ncha ya mkasi inatokeza. Inashuka. Kitambaa kinachanika kutoka juu mpaka chini ya pazia la kuchora. Mkono wa fundi unatokea, unachana upande wa pili. Kisha kichwa cha bibi, hakina kilemba, mdomo wazi, anavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini.)

(Fundi, akiwa amemshikilia kutoka nyuma: "Vuta, mama! Vuta tena! Usilale, nitukane hata, lakini usilale!")

(Bibi, akihema: "Nani... nani anapiga kelele hapo chini saa zote hizi? Nilikuwa napata usingizi, huyo mzee akaja kuniongelea ukutani.")

(Uani kunalipuka vicheko na vilio pamoja. Watu wanakimbilia mlangoni. Majiko yanaanza kutolewa, moja baada ya jingine, na kuwekwa kwenye mvua, yakilia ssss.)

Makofi kwa bibi! Makofi! Ndugu wananchi, hili mliloliona hapa mbele ya macho yenu limo kwenye mpango kazi. Angalieni bango. Tangu lichorwe, Nyumba Salama ya Mfano haikuwa na dirisha hata moja linalopitisha hewa. Sasa inalo. Kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba dirisha la kwanza la mradi limezinduliwa, na kwamba mnufaika wa kwanza ni bibi yetu pale juu. Bibi, unajisikiaje katika mradi?

(Bibi: "Kichwa kinaniuma. Mradi gani?")

Ni... bibi amechoka. Apelekwe zahanati, na gari la Mwakilishi litumike. (Dereva ameshaliwasha.)

Sasa nihitimishe, kwa maana naona turubai linabaki tupu. Kaulimbiu yetu mnaifahamu. Nikisema "Nyumba Salama," ninyi mnajibu "Pumua kwa Utaratibu!" Nyumba Salama! (Mlio wa majiko kwenye maji.) Nyumba Salama! (Kaimu mmoja: "Pumua.") Inatosha, moyo wako ninao.

Nimalizie kwa shukrani, kwa kuwa mtu mzima asiyeshukuru hana utu uzima. Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kutokuja kwake kwa dhati. Naishukuru Kamati Ndogo ya Viti na Turubai. Na kwa namna ya pekee namshukuru mchoraji wetu, kijana mnyamavu, aliyeupokea mradi huu Jumatatu akiwa na ndoo mbili za rangi na akaukamilisha Alhamisi, siku moja kabla ya muda, ambaye bila yeye ni dhahiri leo tusingekuwa na mradi wowote, maana nyumba zenyewe hazikuwahi kujengwa, wala kutengewa kiwanja, wala kuombewa. Lililokuwepo ni bango, na bango ndilo hili, na sasa limetoboka. (Mchoraji, kutoka juu ya ngazi, ambako ameanza kulifungua kamba bila kuambiwa: "Nalishusha lote, mzee. Nyuma yake kuna vyumba vingine kumi na kimoja.") Lishushe, mwanangu. Lishushe. Mimi... ngoja nikushikie ngazi.

Kabla sijashuka jukwaani. Mtaalamu wetu ametoka ndani, amelowa, macho mekundu, na amenikabidhi kikaratasi cha nne. Nakipokea. Nakikagua. Safari hii, juu kabisa, ameandika namba ya jalada. (Mtaalamu: "Ni namba ya chumba, Mkurugenzi. Tisa. Lakini utaisoma.") Ni namba. Imekaa mahali pake. Kwa hiyo kwa mujibu wa utaratibu sina budi kuusoma waraka huu, na nausoma kama ulivyo, bila kuongeza neno langu hata moja:

"Leo, kabla hujalala, toa jiko la mkaa nje ya mlango, hata kama mkaa umekolea na hauna moshi."